Daraja Langu la Kibirizi Halina Abiria

Gungu, Kigoma

Mke wangu mpendwa, Mama Zuhura,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, wewe na binti yetu na wazee wote hapo nyumbani Kondoa. Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unakificha ili usipelekwe hospitali? Na Zuhura, lile jino la mbele limeng'oka? Mimi mwili ni mzima. Nakula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa huku, mafuta ya mawese kwenye kila kitu, sijui nitayazoea lini. Kilicho kibovu ni roho. Nina hasira, mke wangu, na nimeona afadhali niandike, kwa sababu kwenye simu unaniuliza, "Tuje au tusije?" nami nasingizia mtandao.

Najua kwa nini unauliza. Zuhura anaanza darasa la kwanza Januari, na unataka kujua ataandikishwa huko au huku. Kaka yako naye anakuambia ukae hapo hapo mpaka nisimame. Basi soma mpaka mwisho, utajua kama nimesimama au nimekaa.

Ile kazi ya madawati iliyonileta huku iliisha, hilo nilikuambia. Sikukuambia kwamba baada ya hapo nilikwenda kwenye semina ya ujasiriamali. Mwalimu alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, sijui kama amewahi kuuza hata karanga. Alitufundisha kwamba fursa imejificha ndani ya shida za watu: zunguka mtaani, tazama watu wanateseka na nini, hapo ndipo penye biashara yako. Tukapiga makofi, tukanywa soda. Nikatoka pale nikiwa simwangalii mtu, naangalia shida yake tu.

Shida nikaipata Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, pale zinapoegeshwa boti za kwenda kijiji cha Mwamgongo. Hakuna gati. Boti inasimama majini, na abiria anabebwa mgongoni na wapagazi mpaka aifikie. Watu wazima, Mama Zuhura! Mwalimu wa shule na mkoba wake kifuani, mama mnene na kuku wake mkononi, mzee wa watu na kanzu imekunjwa hadi magotini, wote wamedandia migongo kama watoto. Nikasema, hii hapa. Mimi ni seremala. Kwa nini watu wabebwe na mbao zipo?

Nikatengeneza daraja. Mbao safi, kingo za kushikilia, magurudumu ya guta lililokufa ili lisukumwe mpaka majini. Nililipaka rangi ya bluu. Ungeliona ungejua kwamba una mume. Nikalipeleka asubuhi na mapema, nikasimama pembeni kama bwana harusi.

Siku hiyo walipita watu wachache, wageni wasiotaka kulowa. Wenyeji wakanipita. Nilimfuata bibi mmoja wa Mwamgongo anayeitwa Bibi Yunia, miguu imemvimba, nikamwamkia, nikamwambia apite bure kabisa. Akalitazama daraja, kisha akanitazama mimi.

"Oya, mwanangu," akanikatalia kwa lugha yao. "Mimi hubebwa na Ramazani. Siku tunarudisha maiti ya mume wangu, Ramazani ndiye aliyenibeba mimi, na ndiye aliyembeba yeye. Leo nimpite hivi hivi, nikanyage ubao wako kama simjui?"

Kumbe ndiyo desturi yao. Kila mtu wa Mwamgongo ana mpagazi wake, na wengine wamerithishwa na wazazi. Mtoto akizaliwa hospitali ya mjini, mpagazi wa nyumba hiyo ndiye anayembeba mama na kichanga mpaka kwenye boti, na familia humkumbuka kwa chochote. Hayo kwenye semina hayakuwemo.

Wapagazi wenyewe hawakunigusa. Heri wangenitukana. Ramazani ndiye mkubwa wao, mtu mzima ambaye wazee wake walivuka kutoka Kongo, na alinisalimia kila asubuhi kwa adabu zote. Lakini manahodha, ambao bila wapagazi hawapakii hata gunia moja, wakaanza kuegesha mbele kidogo, daraja lisifike. Nikaongeza mbao. Wakasogea. Nikaongeza tena. Wakasogea tena. Nilipomuuliza nahodha mmoja sababu, akanijibu, "Fundi, maji ndiyo yamesogea," na ufukwe mzima ukaangua kicheko.

Mwishowe daraja likawa refu kuliko akili yangu. Upepo ukaja mchana, wimbi likalivunja katikati, vipande vikaelea mbele ya wanawake wanaoanika dagaa. Nilikaa mchangani nikalia, sikufichi. Nilimlaani yule kijana wa semina, nikawalaani wapagazi, nikakukasirikia hata wewe na maswali yako. Unisamehe.

Nikaacha kwenda ufukweni. Ramazani akanifuata huku Gungu kwa bodaboda, ameweka ubao wangu mmoja wa bluu begani. Nikadhani amekuja kunicheka.

"Fundi, mbao zako bado nzima, tumeziokota," akasema. "Tutengenezee kiti."

"Kiti cha nini? Cha kukalia mkinicheka?"

"Cha wagonjwa. Mgonjwa mahututi hakai mgongoni. Tunamshika kwenye blanketi watu wanne, analia mpaka na sisi tunalia. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, vilevile. Fanya kiti chenye mipini, watu wawili tukiweke begani. Ila tubebe sisi. Umenielewa? Sisi."

Mama Zuhura, ilinichoma. Wagonjwa hao nilikuwa nawaona wakishushwa kwenye boti, nami nimesimama pale pale na daraja langu, nikisubiri wapite niendelee na biashara! Nilitaka kumfukuza yule mzee. Badala yake nikachukua msumeno, nikaanza kazi.

Kiti kilipokwisha walinilazimisha nikikalie mimi kwanza. Wakaniinua, wakaniingiza majini mpaka maji yakawafika kifuani, wakanitikisa makusudi, na wanawake wa dagaa wakapiga vigelegele. Nilikasirika, kisha nikashindwa, nikacheka. Hakikuvunjika. Sasa manahodha wawili wanataka kila mmoja awe na chake ndani ya boti, na mwingine ameniomba nimrekebishie mabenchi. Wanalipa polepole, na kuna anayeniletea samaki badala ya pesa. Kwa hiyo usimwambie kaka yako kwamba nimesimama, maana sijasimama. Chumba ni kimoja na bati linavuja. Na lile daraja bado linaniuma. Ilikuwa kazi nzuri, hata kama hakuna aliyeitaka.

Nisalimie baba, mwambie randa aliyonipa haijanitupa. Nisalimie mama mkwe, na umwambie kitenge chake nimekwisha kukiona sokoni, rangi ile ile anayoipenda. Shangazi anayemsuka Zuhura naye mpe salamu zake. Kaka yako pia msalimie, ingawa... basi tu.

Sasa jibu lako. Jana nilikwenda shule ya msingi ya hapa karibu. Mwalimu mkuu amekubali kuandika jina la Zuhura, cheti cha kuzaliwa utakuja nacho wewe. Akaniuliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Nikamjibu, "Yuko njiani na mama yake." Njooni mpaka Dodoma mpande treni, mke wangu. Msinifanye mwongo.

Mimi mumeo, nitakayekuwa stesheni kabla treni haijafika,
Baba Zuhura