Sala ya Kuwashia Kombi

Jumatatu, 6 Julai 1987

Kombi imewaka mara moja. Baridi ya leo hapa Butiama inauma masikio, lakini imewaka. Baba alibonya kitufe cha kupasha moto plagi za injini, akafumba macho, akasali Sala ya Bwana kwa mwendo wa kanisani. Akifika Amina ndipo anazungusha ufunguo. Saa yake ilikufa miaka ile ya foleni za sabuni na hajapata nyingine, kwa hiyo muda wa kupasha plagi tunaupima kwa sala. Ukikatiza, dizeli haishiki. Injini inakohoa moshi mweupe, basi. Betri nayo imezeeka, mara ya tatu haifiki. Kusukuma ndiyo haiwezekani kabisa, nyumba yetu iko bondeni, kila upande kilima na mawe.

Tulipeleka ndizi na abiria Bunda. Baba usukani, mimi konda. Njiani akatoa hukumu. Petro, seremala wa Bunda anayetaka kunioa, amekubali ng'ombe wote wa mahari. Haitoshi. Zamani mkwe alipimwa kwa jembe. Petro aje Jumamosi alfajiri aiwashe kombi, peke yake. Ikigoma, arudi kwao bila mke.

"Mi sitoagi binti kwa mtu wa kushindwa na chuma," alisema.

Chuma ni kisingizio. Petro ni Mkatoliki, na Baba ni mzee wa kanisa letu la Kiprotestanti. Nimekatazwa kumfundisha kuiwasha. Nimekasirika. Halafu nimecheka.

Jumanne, 7 Julai

Nimemfundisha.

Sabasaba, Bunda imejaa watu. Baba alikaa kwa rafiki yake kunywa chai, mimi nikachepuka hadi karakana. Nilimwambia Petro: bonya, sali Sala ya Bwana hadi mwisho, zungusha. Alicheka mpaka akaweka randa chini. Akairudia mbele yangu: bonya, sali, zungusha. Mikono yake inanukia mninga. Nampenda, niandike tu, hapa hakuna wa kusoma.

Mama ameniuliza mbona naosha vyombo nikiimba. Nimesema ni sikukuu.

Alhamisi, 9 Julai

Mimi ni mjinga. Mjinga wa kufungiwa zizini.

Leo jirani zetu Wakatoliki walimshukuru Mungu kwa mtoto. Tukaenda wote. Tukasali pamoja Sala ya Bwana. Wao wakamaliza, wakasema Amina na kufungua macho. Sisi bado tunaendelea, kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu. Watoto wakacheka.

Sala ya Petro ni fupi! Ataachia kitufe plagi hazijaiva. Miaka yote nimesikia tofauti hiyo misibani na harusini, sikuikumbuka siku moja niliyoihitaji. Wali wa watu sikuumaliza.

Ijumaa, 10 Julai

Dizeli hakuna. Madukani sasa kuna sukari, kuna mitumba, hata dawa ya meno, lakini pampu ya Bunda imekauka na Baba anatunza kilichomo kwa ajili ya kesho. Kwa hiyo hatukwenda. Nilitafuta mtu wa kumtuma kwa Petro, nikakosa.

Petro amefika jioni juu ya lori la pamba, kalala kwa Shangazi Wegesa, dada yake Baba. Nimekwenda nikijifanya naazima kinu. Shangazi kanizuia mlangoni.

"Rudi, mwanangu. Mchumba haonwagi usiku wa kuamkia mtihani. Kwanza kinu chenu nilikiona jana."

Nimerudi bila kinu. Naogopa sana.

Jumamosi, 11 Julai

Baridi mbaya kuliko ya Jumatatu. Ukungu hadi magotini. Mama, Shangazi na majirani wamejifunga kanga mabegani kama wamekuja mnadani.

Petro akaingia, akabonya, akasali kwa sauti. Amina yake ikaja mapema, kama nilivyojua. Akazungusha. Injini ikakohoa, moshi mweupe, kimya. Baba akatabasamu. Nilimchukia kidogo Baba yangu, Mungu anisamehe.

Betri ilibaki na mara moja. Petro akabonya tena, akaanza upya. Alipokaribia mwisho akanitafuta kwa macho. Siruhusiwi kusema neno. Nikafumba macho, nikaendelea kuchezesha midomo. Basi! Akaelewa kwamba bado. Lakini maneno yangu hakuyajua, na kidole kiko kwenye kitufe. Akaendelea na yale yanayofuata kwao. Salamu Maria. Nzima, kwa sauti, mbele ya mzee wa kanisa, mpaka Amina.

Akazungusha. Kombi ikanguruma hata kuku wakapanda paa. Sijawahi kuisikia ikiwaka vizuri hivyo.

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye umande. Baba alisema "Imewaka," akaingia ndani. Petro karudi Bunda bila jibu.

Jumapili, 12 Julai

Kanisani Baba hakuimba. Shangazi alimngoja nje, akamwambia sharti lilikuwa kombi iwake, hakuna aliyetaja sala gani. Baba akasema atafikiri. Anafikiri, na chakula anakula chote. Mimi ndiye nisiyekula.

Alhamisi, 16 Julai

Dizeli imepatikana. Alfajiri nilipakia ndizi, Baba akakaa kwenye usukani. Akabonya, akasali yote, akazungusha. Ikakohoa. Baridi ya leo haikutosheka na sala moja.

Hakuzungusha tena. Akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Kisha akaniita dirishani. Akauliza kwa sauti ya chini, Mama asisikie, ile nyingine ya yule kijana inakwendaje.

Nikasema siijui yote. Amwulize mkwe wake.

Akachomoa ufunguo.

"Mwambie aje Jumamosi," alisema. "Aje na wazee wake."