Baba Anaendesha Polepole

Jumatatu, Januari 8

Nimefika nyumbani Caazapá jana, na joto limenipokea kabla ya watu. Wiki saba za likizo! Nimejiahidi jambo moja: kucheza gemu mpaka macho yawe mekundu, nisifungue hata kitabu kimoja cha mifupa ya ng'ombe. Miaka miwili ya udaktari wa mifugo inampa mtu haki ya kuoza kidogo.

Mashine ya gemu nimeifunga sebuleni kwa sababu feni iko sebuleni. Na Baba naye yuko sebuleni. Tangu kiharusi cha Agosti kiti chake kimehamia hapo, mbele ya televisheni, mkono wa kulia umelala pajani kama samaki aliyekwisha kufa. Ananitazama nikiua mazimwi. Haniombi zamu. Heri.

Dada Zunilda anapitisha fagio miguuni mwangu. Makusudi! Mtakatifu Zunilda wa Fagio. Miaka ishirini na saba, hana mume, hana kazi, ana fagio.

Jumatano, Januari 10

Timu yangu ya mtandaoni: mpumbavu mmoja wa Lima anayepiga mayowe, mwingine wa Rosario anayetafuna kwenye maikrofoni, na mimi. Nawabeba wote wawili. Jumamosi alasiri tuna mashindano.

Mama kapiga simu kutoka Madrid. Mwaka wa nne huu yuko huko anamhudumia mzee wa watu: anamwogesha, anamlisha, anamtembeza bustanini. Kauliza Baba anaendeleaje. Nikasema vizuri. Na mkono? Vizuri. Zunilda akaninyang'anya simu — eti nisimdanganye mama wa watu! Wakanong'onezana nusu saa jikoni. Wanapenda minong'ono hawa, kama nyumba ina mgeni.

Ijumaa, Januari 12

Leo alikuja Ña Teodora, yule mama mnene anayemnyoosha Baba viungo. Akaiona rimoti ya gemu mezani. "Dawa si hii hapa! Mpeni acheze, vidole viamke." Nikacheka. Zunilda hakucheka. Katangaza: kila asubuhi, saa moja nzima, rimoti ni ya Baba. Nani kamteua huyu waziri?

Basi nikamwekea mbio za magari, gemu kongwe ya watoto. Nikamchagulia lori, kwa dhihaka tu — si aliendesha la miwa miaka ishirini na sita! Jamani, jamani. Wenzake wamemaliza mzunguko wa tatu, yeye bado yuko kwenye mzunguko wa kwanza. Anasimama kwenye taa nyekundu. Kwenye mbio! Anasubiri watu wavuke, na watu wenyewe ni picha.

"Kanyaga mafuta, Baba!"

"Kuna... mama... na mtoto." Kila neno analitafuta kama funguo mfukoni.

Wa mwisho kati ya kumi na wawili. Kaweka rimoti chini, jasho linamtiririka, uso unang'aa kama wa bwana harusi. "Nimefika... na mzigo."

Hamna mzigo, Baba.

Jumamosi, Januari 13

Nisiandike uongo humu.

Zunilda alikuwa sokoni. Tulikuwa robo fainali. Baba akataka maji. Nikamwambia ngoja. Akataka tena. Ngoja, Baba! Akainuka mwenyewe, nyuma yangu. Nikasikia kishindo.

Kwanza nilimaliza raundi. Sekunde arobaini hivi. Tukashinda. Ndipo nikavua vifaa vya masikioni, nikageuka.

Alikuwa amelala kati ya kiti na meza, nyusi imechanika, damu kidogo. Mzito! Sikujua kwamba ni mzito hivyo. Nilipomkalisha akauliza, "Mme... mmeshinda?"

Yule wa Lima alisikia yote. "Nani kaanguka?" Kiti, nikamwambia. Nusu fainali tukatolewa, nikamlaumu yeye.

Zunilda aliporudi Baba akamwambia kajigonga mlangoni. Kanifichia! Nani kamwomba? Nimemchukia kwa hilo mpaka chakula cha jioni.

Jumanne, Januari 16

Kumbe minong'ono ilikuwa hii! Zunilda amepata nafasi shule ya uuguzi, mjini Encarnación. Aliomba kimyakimya, Mama anajua. Kaniambia huku anamenya mihogo, hata kichwa hakuinua.

"Naondoka keshokutwa."

"Na Baba?"

"Baba ana mabinti wawili."

"Mimi nina chuo!"

"Chuo chako ni mwishoni mwa Februari. Shangazi Obdulia atakuja kabla."

"Shangazi Obdulia? Aliahidi Krismasi. Ulimwona Krismasi?"

"Liz, vidonge vyake vya saa nne ni vipi?"

Nikatazama mihogo.

"Basi niambie rangi tu."

"Vyeupe."

Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Vyote ni vyeupe, mdogo wangu."

Muuguzi! Ataosha wazee wa wengine, kama Mama. Ukoo mzima tunaosha wazee wa watu, wa kwetu naachiwa mimi — mimi niliyesomea ng'ombe!

Alhamisi, Januari 18

Kaondoka alfajiri. Nilijifanya nimelala. Akasimama mlangoni kwangu muda mrefu, halafu nikasikia magurudumu ya sanduku. Kwenye friji kabandika karatasi: vidonge, saa, namna ya kumgeuza, sabuni ipi. Mwisho kaandika, "Ndevu anapenda kunyolewa Ijumaa." Hakuna hata kwaheri. Mjinga.

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nyuzi arobaini na moja. Bila gemu, bila feni, tumebaki kutazamana. Nikatengeneza tereré, majani yetu ya kunywa kwa maji ya barafu, tukapokezana kibuyu na mrija wake. Baba kang'ang'ania kukishika kwa mkono mbovu. Kajimwagia. Nikafuta. Kajimwagia tena. Mara ya tatu kakifikisha mdomoni, akafyonza mpaka kikakoroma. Nilitaka kumpigia makofi, nikajizuia. Mtu hapigiwi makofi kwa kunywa.

Ijumaa, Januari 19

Umeme umerudi. Na ujumbe wa Shangazi Obdulia: nyonga inamsumbua, hawezi kusafiri mpaka Pasaka, anatuombea. Atuombee!

Nilikuwa katikati ya raundi Baba alipojikokota kwenda bafuni. Kasema ataoga mwenyewe. Sawa. Halafu akaita. "Zuni!" Si jina langu. "Zuni!"

Nimekuja na taulo na daftari hili, sijui kwa nini na daftari. Niko sakafuni nje ya mlango. Uko wazi kidogo, naona kisigino chake na sabuni imeteleza mbali.

"Ni mimi, Baba. Zuni ameondoka."

Nabisha kwa kidole.

"Naingia."

"Usi... ingie." Kisha, taratibu: "Mimi... baba yako."

Nimekaa. Ng'ombe nimewaingizia mkono mpaka begani, mbele ya darasa zima, sikupepesa jicho.

Sasa anasema niende, niendelee na gemu yangu. Nimemwambia nimeshaizima. Uongo — naisikia hadi huku, wananiua. Naye anasikia. Maji bado yanamwagika, sabuni bado iko mbali naye, nimeshika kitasa, kalamu naiweka chini nichukue taulo.