Aliyeruka Port Bell

Lubaga,
Kampala.
Jumanne, 17 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Komakech,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri, magoti hayakusumbui, na baridi ya huko Winnipeg imekuachia walau mwezi huu. Mama Adoch je, presha yake imeshuka? Sisi hapa tu wazima. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la barabara wanayoichimba, lakini bado anagombana na wauza nyanya wote wa mtaa, kwa hiyo ujue yuko salama.

Nimejaribu kukupigia simu mara tatu, nikakata mwenyewe kabla hujapokea. Ulinambia habari kubwa unataka uzisome kwenye karatasi, uzirudie. Basi kaa chini, Baba. Ile hadithi ya babu Oyat, kwamba aliruka kwa ndege Port Bell mwaka 1957, ile mliyochekwa kwayo wewe na marehemu baba mlipokuwa watoto wa kambi ya polisi, ni kweli! Kweli tupu, na sasa imeandikwa ukutani!

Nianze mwanzo. Mwezi wa tatu niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye makumbusho ya ndege yaliyofunguliwa Port Bell, ndani ya ghala kuukuu karibu na gati. Katikati ya ukumbi nikaiona. Mbawa za mianzi, kitambaa cha marekani kilichopakwa wanga wa muhogo, injini ya pikipiki, kiti cha kusukwa. Kila kitu kama baba alivyotusimulia. Nikasogea kusoma kibao: “Abubakar Marjan, fundi wa Kisenyi, aliiunda ndege hii na ndiye wa kwanza kuirusha.” Jina la babu halikuwepo. Nilihisi uso unaniwaka moto mbele ya watoto.

Wewe unajua tulivyolelewa. Nyumbani kwetu Abubakar alikuwa ni yule rafiki aliyemwibia babu jina. Bibi hakutaka hata kupita mtaa ule wa Kisenyi kununua sabuni.

Nikamtafuta mhifadhi wa makumbusho, Bwana Faustino, mtu mpole mwenye miwani minene. Hakunicheka. Alifungua faili akanionyesha karatasi mbili. Ya kwanza ni kipande cha gazeti la mwaka ule: Abubakar amefikishwa mahakamani kwa kurusha chombo bila kibali, amekiri kosa, amefungwa miezi miwili. Ya pili ni mkataba. Watoto wa Abubakar, Bi Ruqayya na mdogo wake Haji Faizal, waliyakopesha makumbusho ndege hiyo kwa sharti kwamba isiandikwe wala isisemwe popote kuwa mtu mwingine aliirusha. Ikisemwa, ndege inarudi kwao.

“Mwalimu,” akanambia, “nikibadilisha kibao, kesho sina ndege. Na wewe umeniletea maneno matupu. Wenzako wana gazeti.”

Wiki tatu nilikuwa nikimpigia Faustino kila nikitoka darasani, mpaka akachoka nami. Akasema, haya, nitawaita wote, mkae meza moja, lakini makumbusho si mahakama.

Tulikutana Jumamosi ya mwisho wa Mei, chini ya mbawa za ile ndege. Haji Faizal ana maduka ya vipuri Kisenyi, ni mtu mnene, mwenye sauti ya kuzoea kelele za gereji. Alikuja na dada yake, bibi wa miaka sabini na saba, kavaa buibui, kakaa anapunga karatasi usoni kwa joto. Mimi nikaeleza yetu. Hata sijamaliza, Haji akasimama.

“Wewe nyabo, wewe mama, baba yangu alilala jela kwa ajili ya hii ndege! Babu yako alilala wapi? Badilisheni neno moja tu, naleta lori hapa.”

Nami, Baba, nisamehe, nilisahau adabu. Nilimwambia baba yake ni mwizi. Nililitamka neno hilo mbele ya watu.

Hapo Bi Ruqayya akaweka ile karatasi chini. “Faizal, kaa,” akasema. Haji akakaa kama mtoto! Kisha dada mtu akamgeukia Faustino. “Ile picha ya baba uliyoitundika pale mlangoni, ilete.”

Faustino akaileta. Ni Abubakar mbele ya gereji yake, anatabasamu, na chini ya kwapa ana gongo la kutembelea. Mguu wake wa kulia ni mwembamba kama fimbo.

“Alipata homa akiwa na miaka minne, mguu ukapooza,” akasema Bi Ruqayya. “Sasa tazameni ndani ya ndege. Kuna pedali ngapi?”

Tuliinama sote, hata Haji. Pedali mbili, Baba. Moja kwa kila mguu.

Faustino alivua miwani akaifuta, akavaa, akaivua tena. Picha na ndege vimekaa chumba kimoja miaka mitatu, na yeye anapita katikati yake kila siku.

Bi Ruqayya alikuwa na miaka tisa siku ile. Yeye ndiye aliyeshika mkia wakati ndege inasukumwa kwenye mteremko. Anasema babu alikuwa askari wa zamu kwenye lango la bandari, akaacha lindo, akavua buti akampa yeye amshikie, akapanda. Aliruka kiasi cha urefu wa uwanja wa mpira, juu kupita mapaa ya maghala, anapiga kelele kwa Kiacholi, halafu akaangukia kwenye mafunjo ya ziwa. Akatoka mzima, ametapakaa tope mpaka masikioni, anacheka!

Sasa shika moyo, Baba Mdogo. Mkubwa wa polisi alikuwa anakuja mbio na gari. Askari anayeacha lindo alikuwa anafukuzwa kazi na kufungwa, na babu alikuwa na mke, na marehemu baba, na wewe mtoto wa miaka miwili mgongoni. Abubakar akamwambia, “Oyat, nenda langoni.” Babu akaenda, akafuta tope usoni, akavaa koti la zamu juu ya nguo chafu, na buti zake. Abubakar akajikokota na gongo lake hadi kwenye mafunjo, akajipaka tope, akakaa kando ya ndege. Alipoulizwa akajibu, “Ni mimi nilikuwa naendesha, bwana.” Hakuna aliyemtazama mguu.

Miezi miwili jela. Babu alijua. Alitusimulia mruko wote, ila hilo hakulisema.

“Baba aliniapisha nisiseme maadamu Oyat yuko kazini,” Bi Ruqayya akatwambia. “Halafu vita vikaja, watu wakatawanyika, baba akafa. Lile sharti la mkataba alilitaka Faizal; nilitia sahihi tu, sikujua kuna mtu duniani bado anauliza.”

Nililia, sikuficha. Neno langu la “mwizi” lilikuwa bado limo humo ukumbini. Niliinuka nikapiga magoti mbele ya Haji Faizal, kama tunavyofanya hapa, nikamwomba radhi. Alininyanyua. Aliigeukia ile picha, akasema polepole, “Yaani mimi nimemtetea kwa jambo dogo, na yeye alikuwa na kubwa.”

Habari ya lori ikaisha. Mkataba waliufuta palepale, sahihi mbili. Kibao kipya kimewekwa jana, nami nimekinakili: “Iliundwa na fundi Abubakar Marjan wa Kisenyi. Ilirushwa na konstebo Oyat wa Port Bell, 1957. Fundi alijitwika kosa la rafiki yake, akafungwa miezi miwili.”

Sentensi ile ya mwisho Faustino alituuliza kama iwekwe. Haji alisema uamuzi ni wa upande wetu, kwa kuwa aibu, kama ipo, ni yetu. Ningepaswa kukusubiri wewe, ndiye mtoto wa Oyat aliyebaki. Sikuweza. Nilisema iandikwe. Kama nimekukosea, nigombeze, lakini nadhani babu amebeba kimya kile vya kutosha.

Jumamosi hii tunakwenda Gulu. Bi Ruqayya ameomba aonyeshwe kaburi la babu, na Haji ndiye atakayeendesha gari. Nilimuuliza bibi anataka kufanya nini huko. Akasema baba yake alitoka jela akamkuta Oyat anamngoja langoni tangu alfajiri, wakakumbatiana, hawakulizungumza tena. Anataka kumwambia Oyat kwamba fundi hakujuta hata siku moja, maana huenda Oyat alikufa bila kuuliza.

Mama anawasalimu sana. Okot na wanawe wanakusalimu, na Shangazi Lamunu anasema umtumie picha mpya, ya zamani imefifia. Mungu awatunze wewe na Mama Adoch, awape afya na usingizi mwema.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,

Atoo