Hakuna Aliyejua

Ndia Kuu, Mombasa
Ijumaa, baada ya Alasiri

Kwa dada yangu Fadhiya,

Amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake zikufikie huko Maskati, wewe na shemeji Kamaludin. Ajionaje sasa? Zakiya ameniambia bado anasafishwa figo mara tatu kwa wiki, na kwamba wewe usingizi wako ni wa kwenye kiti cha hospitali. Mungu amuafu. Sisi huku wazima wa mwili, twashukuru. Barua hii nampa Zakiya, kwa kuwa anarudi huko, aje nayo mkononi, kwa kuwa yaliyomo nilijaribu kuyasema kwa simu mara mbili nikashindwa.

Uliniuliza Riyadh alizikwaje. Mwanao aliletwa siku ya kumi na mbili tangu kambi yao ishambuliwe. Sanduku lilikuwa limefungwa, na maafisa wakatuambia lisifunguliwe. Hatukumwosha. Aliswaliwa vivyo hivyo, na msikiti ulijaa hata watu wakatandika misala njiani. Ngumbao, yule rafiki yake wa Likoni walioingia pamoja jeshini, hajapatikana hadi leo. Mamake huvuka Feri kila asubuhi kuja kuuliza, na kila asubuhi huambiwa orodha haijakamilika.

Wajua mji ulivyokuwa kabla ya hapo. Vita hivi vya ng'ambo ya mpaka vilipendwa. Mzee Abdulghafur wa Biashara Street alitundika bendera mlangoni mwa duka lake la leso, na aliyeuliza vijana watarudi lini aliambiwa hana uzalendo. Mimi nami, karani wa Mheshimiwa mbunge wetu, hotuba zake za vita nilizipiga chapa kwa mikono yangu, na nilizionea fahari.

Ikaja alfajiri ile ya shambulio. Wakubwa walitangaza kwamba adui amerudishwa nyuma na walioumia ni wachache. Kufikia Adhuhuri familia tano za kisiwani na Likoni zilikuwa zimepigiwa simu. Kesho yake zikawa kumi na moja. Watu wakaanza kuhesabu wenyewe, msikitini, sokoni, kwenye foleni ya Feri, na hesabu yao ikaipita ile ya redioni. Wale wale waliokuwa wakishangilia wakaanza kunong'ona kwamba tumedanganywa, na wiki haikwisha kabla hawajayasema kwa sauti, mchana, bila kuangalia nani yuko karibu.

Mheshimiwa alikuja siku ya khitma. Alikuja na wapiga picha wanne na magunia ya mchele yaliyochapwa sura yake, akinukia udi kama bwana harusi. Aliketi barazani petu akasema Riyadh amekufa shujaa. Akasema shambulio lilikuwa la ghafla, hakuna aliyejua. Mzee Abdulghafur akainuka, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mheshimiwa, waliokufa ni wangapi?"

Akamjibu kwamba idadi ni siri ya usalama wa taifa.

"Basi tutakuhesabia sisi," mzee akasema, akamtaja Riyadh. Mtu wa pili akasimama akamtaja mtoto wa nduguye. Wa tatu akataja jirani. Walisimama mmoja mmoja, Fadhiya, na kila aliyemaliza kutaja jina alivaa viatu vyake akaondoka, mpaka Mheshimiwa akabaki na wapiga picha wake na mchele. Magunia yale hakuna aliyeyagusa. Asubuhi yake Mzee Abdulghafur aliishusha ile bendera, akaikunja vizuri, akaiweka ndani.

Huenda wadhani niliona fahari. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya kahawa, na maneno yale ya hakuna aliyejua niliyasikia yakitoka kinywani mwake. Kisha nikapeleka kahawa. Niliinama nikammiminia, akanishukuru kwa jina langu.

Dada, yeye alijua. Na aliyemwambia ni mimi.

Siku sita kabla ya shambulio Riyadh alinipigia. Alisema wenyeji wa karibu na kambi wamehama na mbuzi wao, na mama aliyekuwa akiwauzia maziwa hapiti tena. Wakubwa wao walikwisha kuomba msaada mara tatu, hawakujibiwa. Akaniomba nimfikishie Mheshimiwa, kwa kuwa yumo katika kamati ya ulinzi. Nilimfikishia siku hiyo hiyo. Alikuwa akipimwa kanzu na fundi, hata hakugeuka. Alisema askari wachanga huogopa vivuli, na kwamba uchaguzi u karibu, nisije nikatia watu hofu.

Ningaliweza kwenda kwa magazeti. Ningaliweza kukwambia wewe. Niliogopa kumkera, nikanyamaza, na huo unyamavu wangu nauonea kinyaa kuliko udi wake. Riyadh alipopiga tena nilimwambia habari zimefika na msaada uko njiani. Nilimdanganya ili atulie. Akanijibu, "Ahsante, mamdogo. Nitawaambia wenzangu wasihofu."

Kazi nimeiacha Jumatatu. Jana, mbele ya wakili wa familia zilizofiwa, na mamake Ngumbao ameketi kando yangu, nilieleza yote nikatia sahihi. Alipofahamu, mama yule aliondoa mkono wake begani mwangu. Wiki ijayo yatakuwa magazetini, na sikutaka uyasome huko kwanza. Msamaha sikuombi. Riyadh ulinikabidhi mimi nimlee ulipohamia huko, na nitaulizwa juu yake mbele ya Mungu kabla ya kuulizwa na wewe.

Mwenyezi Mungu akupe subira na ampe shemeji afya. Zakiya atakaa kwako siku nne. Ukiwa na neno, mpe yeye, ukikosa, nitafahamu.

Ni mimi mdogo wako,
Khairiya