Unga wenye harufu ya mazutu

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Kalemie tuko wazima, ni magoti yangu tu yamechoka. Unaniuliza namna ya kushawishi wenye mashini za kusaga kule Lubumbashi waache mazutu, ile dizeli ya moshi, wachukue mashini zako za umeme wa jua, maana wanakucheka.

Nilipokuwa bibi harusi mupya, Papa Kasongo alisaga mihogo ya mutaa wetu kwa moteri ya mazutu. Mashini ya umeme wa maji unaotoka Bendera ilikuwa mbali, karibu na bandari. Tulimulalamikia moshi, akacheka. Siku moja mama mukwe alisukuma sahani ya ugali: "Bukari hii inanuka mazutu. Siwezi kula." Kesho yake nikabeba beseni mpaka bandari, majirani wakanifuata. Papa Kasongo akabaki na moteri yake inanguruma bure, mpaka akaja mwenyewe kuuliza: "Mama, ule umeme wanauomba wapi?"

Basi waache wale mabosi kwanza. Sagia wamama mihogo yao, waonje.

Lakini fanya haraka. Siku hizi umeme unakatika sana, na watoto wa Papa Kasongo wamerudia mazutu. Wadogo zako wanasema bukari inanuka tena. Mimi pua yangu imeanza kuizoea: jana nilimaliza sahani bila kusikia harufu yoyote.

Nkambo wako,
Mama Feza