Neno Lililobeba Lozi

Jumatatu, 3 Februari
Theluji tena. Basi la barabara ya Bathurst limechelewa, nimefika kazini vidole vimeganda. Jioni binti yangu Neema hajafanya kingine ila mchoro wake wa hesabu, wa maonyesho ya shule. Unaitwa Mandelbrot. Ukiukuza pembeni, umbo lile lile linachomoza tena, dogo, na ndani yake jingine. Kwangu mimi ni mende. Nimemwambia. Kacheka, kanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake.

Kwenye lifti Bibi Rivka, jirani yetu Myahudi, alimsikia akilitaja jina hilo. Alifurahi kama kaona ndugu. "Mandelbrot? Mbona hiyo naioka mimi! Nitawaletea." Neema hakuamini. Biskuti yenye jina la hesabu yake!

Jumatano, 5 Februari
Naandika hospitalini.

Bibi Rivka alileta sahani. Vipande vikavu, vinanukia mdalasini. Nilipokea mimi. Sikuuliza. Neema ana aleji ya lozi tangu mdogo, huwa nauliza hata keki za kanisani. Leo jina limenilaghai. Limebandikwa ukutani kwetu, juu ya mchoro wa Neema. Nani anauliza habari za kitu anachokijua?

Kauma mara moja. Kakiweka chini kipande. Kasema, "Mama, koo."

Kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipojua.

Midomo ikavimba. Nikamchoma sindano yake ya aleji pajani, juu ya suruali. Nikapiga simu, gari la wagonjwa likaja. Baba yake yuko kazini, ghalani kule Rexdale, hapokei simu.

Madaktari walisema ametulia. Kisha upele ukarudi, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Wamemchoma nyingine. Wamenitoa nje ya pazia.

Naogopa. Mungu wangu, naogopa.

Alhamisi, 6 Februari
Bado tuko hapa. Baba Neema amekuja, ameshika miguu ya mtoto. Daktari anasema hatari imepita. Simwamini. Naangalia kifua cha Neema. Kikipanda, na mimi napumua.

Bibi Rivka anapiga simu. Sipokei. Namchukia. Halafu nakumbuka nani aliipokea ile sahani.

Jumamosi, 8 Februari
Nyumbani. Neema hali chochote. Hata uji hataki. Maji anayanusa kwanza. Nimetupa nusu ya vitu vya kabatini, nimesugua meza mpaka viganja vinauma. Haisaidii.

"Mama, na kikija kingine chenye jina lingine?"

Hofu yangu imemwingia yeye. Hii ni mbaya kuliko ile ya hospitalini.

Jumapili, 9 Februari
Bibi Rivka amebisha hodi. Nusura nifunge mlango. Alisimama koridoni analia. "Kwa lugha ya kwetu, mandel ni lozi. Brot ni mkate. Kwangu neno lenyewe linasema. Sikuwaza kwamba kuna mtu asiyelisikia."

Neema ndiye aliyemkaribisha.

Wamekaa mezani. Bibi kauliza hesabu ilipataje jina la mkate. Neema kamweleza: ni jina la ukoo wa mtaalamu wa hesabu. "Basi ukoo wake ni mkate wa lozi," Bibi kasema, kisha kajiziba mdomo. Neema kacheka. Kidogo.

Nimepika wali mtupu, wote wawili wakiona kila kilichoingia sufuriani. Nimepakua sahani tatu. Bibi hakugusa kijiko. Wala mimi.

Neema ameonja. Tukangoja.

Kisha kachota tena.