Kitambaa Juu ya Uso Wangu

Jumatatu, 1 Julai

Nimeolewa! Bado kila asubuhi naangalia pete kwanza, saa baadaye. Mke wa Antipasi. Mimi, Klara, mke wa Antipasi!

Leo tumerudi kazini wote wawili. Yeye kiwandani kwao wanakokamua alizeti, mimi kwenye stesheneri ya dada Catherine. Kuachana mlangoni kulikuwa kugumu. Tuliagana, tukaagana tena, na alipofika njiani kabisa akarudi mbio kuniaga upya. Mpenzi wangu ananuka mafuta ya alizeti na sitaki marashi mengine duniani.

Nyumba yetu ni ndogo, ya mwisho hapa mtaani Utemini, nyuma yake majabali matupu na upepo. Kitasa cha mlango wa mbele kimekufa, kwa hiyo Antipasi ameuziba kwa kabati la vyombo mpaka fundi aje. Tunapita mlango wa uani. Huo una kufuli jipya, zito, linang'aa kama pete yangu! Ufunguo mmoja anao yeye, mmoja ninao mimi. Wangu nimeufunga utepe mwekundu wa keki ya harusi.

Jioni mama Severina, jirani yetu, kaja na bakuli la mlenda na mafundisho. Anasema nyumba za maharusi ndizo wezi wanazoanza nazo. Kwani MC si alizitangaza zawadi zote kwa spika? Friji, godoro, televisheni — mtaa mzima ulisikia, na mwizi naye ana masikio. "Mashuka mapya usianike mbele, bibi harusi. Viatu vya mume viache mlangoni hata kama hayupo. Na ukitoka, redio iache inaongea."

Nilicheka sana. Alipoondoka nikaenda kuanua mashuka.

Jumatano, 3 Julai

Redio niliiacha inaongea. Nimerudi — kimya.

Umeme upo, friji linanguruma. Redio imezimwa kwa kitufe. Na mezani kuna kikombe cha bati kimeoshwa na kufunikwa, bado kinachuruzika maji. Mimi vikombe nafunikia kabatini!

Nimemwambia Antipasi. Kanibusu puani, kasema ndoa mpya inasahaulisha, hata yeye leo kaweka sukari kwenye mboga ya wenzake kiwandani. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Nampenda jamani.

Lakini nimezipitia nondo za madirisha yote, nimezitikisa moja moja. Nzima. Kufuli halina hata mkwaruzo.

Ijumaa, 5 Julai



Picha yetu kubwa ya harusi, ile ya fremu ya dhahabu iliyo juu ya meza ya kulia — nimeikuta na kitambaa. Kitambaa cha kochi, kile nilichokifuma mwenyewe. Kimechomekwa kwenye kona ya fremu kikaning'inia upande wangu tu. Antipasi anaonekana vizuri, anatabasamu na suti yake. Mimi sipo. Mahali pa uso wangu pana maua ya uzi.

Nani anamfunika bibi harusi uso na kumwacha bwana harusi anatabasamu?

Na kwenye ndoo ya taka, pamba. Kipande cha pamba chenye madoa ya njano. Mimi situmii pamba. Wanawake wa poda nzito ndio wanaojifutia pamba.

Hakuna kilichoibiwa. Televisheni ipo, friji lipo, hata mkufu wangu upo. Afadhali wangeiba! Mwizi akichukua televisheni najua alitaka televisheni. Huyu anataka nini?

Nilikitoa kitambaa nikakaa kuiangalia picha mpaka giza likaingia. Siku ile ilikuwa nzuri jamani. Kwetu Kiomboi baba yangu ni mwalimu, anakula meza moja na wake za kaka zangu na kuwatania. Baba yake Antipasi ni tofauti. Alikuja kutoka Ilongero na koti la suti na makatambuga yake ya tairi, moja lina mkanda wa kijani, watu wakacheka chinichini. Anajifutafuta macho kwa leso muda wote, macho yanamwaga machozi. Hakunipa mkono. Wakati wa chakula aligeuza kiti kabisa, akala pilau lake akiwa ametupa mgongo meza kuu! Mimi niliona amenichukia. Antipasi akaninong'oneza kwamba hiyo ndiyo heshima kwa wazee wa kwao: mzee hatazamani na mkwe, hasemi naye, hali mbele yake, mpaka siku atakayomtolea mtamba, ng'ombe jike mchanga, ndipo amwite mwanangu. "Mtamba unakuja," akasema, "baba anachagua mzuri." Nikaridhika. Siku ile niliridhika na kila kitu.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemwonyesha Antipasi kitambaa. Akakishika, akakikunja, akakirudisha kochini. Labda upepo, anasema. Upepo! Upepo wa Singida naujua, unaezua mabati — haujui kuchomeka kitambaa kwenye fremu.

Nikauliza kama utani: "Hivi kufuli lile lilikuja na funguo ngapi?"

Alikuwa anapiga viatu brashi. Hakuinua uso. "Mbili."

Si kweli. Nilikuwa naye dukani. Muuza duka alizitikisa mbele yangu kwenye kiwaya chake, zikalia, na zilikuwa tatu. Nakumbuka vizuri kwa sababu Antipasi alinong'ona kwamba wa tatu ni wa mtoto wetu, nikaona haya mbele za watu.

Nimeenda kusonga ugali na ukaungua.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani. Jesca kaimba sauti ya kwanza, kapaka poda mpaka shingoni. Ndiye aliyekuwa na Antipasi kabla yangu, kila mtu anajua, na yeye mwenyewe aliwahi kuniambia hana kinyongo.

Baada ya ibada kanishika mkono. "Mke wa mtu umekonda! Nyumba inakusumbua?"

Nyumba! Kwa nini aseme nyumba?

Jumanne, 9 Julai

Siku nzuri. Naogopa siku nzuri. Antipasi kaniletea asali ya nyuki wadogo kwenye chupa, kwa sababu nilikohoa jana. Amenilisha kwa kidole. Mtu anayekulisha asali kwa kidole anaweza kumpa mwanamke mwingine ufunguo wa nyumba yako?

Anaweza. Dada Catherine anasema ndio hao hao.

Nimegundua kitu. Jumatano. Ijumaa. Kesho ni Jumatano.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi nilimsubiri atangulie. Nikanyunyiza unga wa mtama kidogo kizingitini kwa ndani, mwembamba, kama vumbi tu. Nikafunga kufuli na kulivuta mara mbili.

Jioni — unyayo! Mguu mtupu, mpana, kidole gumba kimejitenga. Mwizi gani anavua viatu? Na mguu wa Jesca hauwezi kuwa ule, Jesca ni mwembamba kama fito. Au amekuja na mtu? Redio imezimwa tena. Kikombe kimefunikwa tena. Picha safari hii haina kitambaa, lakini fremu imekaa upande. Kaifunua akaondoka.

Daftari hili lilikuwa chini ya godoro. Sijui kama limesomwa. Kuanzia leo natembea nalo kwenye mkoba.

Nimemweleza mama Severina, bila kutaja ufunguo. Ya ufunguo ni aibu yangu. Kanishika mkono mpaka kijiwe cha bodaboda pale kona. Hezekia, mkubwa wao, hata hakushuka kwenye pikipiki.

"Shemeji, wewe piga yowe moja tu. Moja! Sisi tunatosha."

"Na polisi je?"

"Polisi wana kazi nyingi, tunawapunguzia." Wenzake wakacheka. Mmoja kasema mwizi wa mchana ndiye mtamu zaidi, unamwona sura.

Nilijisikia salama. Kweli nilijisikia salama! Ila wakati wa kurudi mama Severina akasema ukipiga yowe uwe na hakika, mwanangu. Mwaka jana mtaa wa juu kuna mtu aligonga nyumba siyo. Mgeni, hajui mitaa. Mtu akapiga yowe. Kumbe alikuwa kaja kuleta habari ya msiba. Ilipofika zamu ya kumwuliza jina, alikuwa hawezi tena kusema.

Alhamisi, 11 Julai

Nilitaka kuuliza usiku. Nikafungua mdomo. Akageuka, akanikumbatia usingizini, akaniita mke wangu.

Nikafunga mdomo.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika nikiwa nimekaa chini, uani kwangu, mgongo mlangoni. Nikiacha kuandika nitapiga kelele, na kelele nimeshapiga za kutosha.

Mchana nilimuaga dada Catherine kwamba kichwa kinauma. Nikaja kwa miguu, nikazunguka kwa upande wa majabali. Kufuli lilikuwa wazi, linaning'inia kwenye komeo. Mlango umerudishiwa. Ndani, mtu akakohoa.

Nikauliza: "Nani?"

Kimya.

"Nani humo? Jibu!"

Kikombe kikatua mezani, taratibu.

"Jesca?"

Kimya. Mtu mwenye haki angejibu, si ndivyo? Mtu mwema akiulizwa nani anasema ni mimi fulani! Nikasukuma komeo, nikabana kufuli. Tak! Na nikapiga yowe. Neno lenyewe, mwizi. Mara moja.

Mama Severina katoka na mchi mkononi, simu sikioni, tayari anaongea na Hezekia. Yupo stendi anashusha abiria, anakuja na wenzake. Nikampigia Antipasi. Inaita, inaita. Mashine zile hazimruhusu mtu kusikia hata jina lake.

Nikaenda kwenye pipa la maji kunawa uso. Nyuma ya pipa nikayaona.

Makatambuga. Yamepangwa sambamba, vidole vikitazama nje, kama ya mtu aliyevua viatu mlangoni mwa msikiti. Moja lina mkanda wa kijani.

Mungu wangu.

Ile pamba. Dawa ya macho, pamba ya njano ya hospitali; Jumatano na Ijumaa ni siku za kliniki ya macho. Redio — mzee gani ataacha redio ikiongea peke yake kwenye nyumba ya watu? Kitambaa. Alikuwa anakula. Hawezi kula huku nikimtazama, hata kama ninamtazama kutoka kwenye fremu. Akanifunika kwa adabu, na kwa macho yale siku moja akasahau kunifunua. Mguu mtupu. Kikombe kilichooshwa. Anakuja nisipokuwepo kwa sababu sipaswi kuwepo! Na nilipomwuliza nani, atajibuje? Hawezi kunijibu. Nimemwita mara tatu na kila alivyoniheshimu ndivyo nilivyozidi kumhukumu.

Antipasi, ufunguo wa tatu ulimpa baba yako, kwa nini hukuniambia? Labda alikuapisha. Labda uliona nitakasirika. Nilikuwa nimefikia kumshuku Jesca, mume wangu! Maskini Jesca.

Nimemwambia mama Severina. Kaangusha mchi. Kawapigia tena akina Hezekia, hawapokei, wako njiani, na kweli tunazisikia pikipiki. "Mfungulie atoke!" anasema. Atoke aende wapi? Kule ni majabali, na haoni vizuri. Nikifungua sasa namtia mikononi mwao. Ufunguo na utepe wake nimeuingiza kifuani. Nimekaa.

Wamefika. Sio wenzake wachache. Kuna watu nyuma yao siwajui, kuna mwanafunzi na jiwe, kuna mwanamke ananionea huruma.

"Shemeji, ondoka hapo."

Nimesema siondoki. Nimesema humo ndani ni baba mkwe.

Hezekia kacheka, sio vibaya. "Mkwe anajificha kwa mkwewe? Shemeji, mbona ulipiga yowe? Kama ni mzee wako aseme. Ataje jina lake tu tukamwamkie."

Mama Severina anawaeleza. Anaongea Kinyaturu, anaongea Kiswahili, anawaambia wazee wa Ilongero hawasemi na mkwe. Wawili wakubwa kidogo wameitikia kwa kichwa, wanajua. Wale vijana wanasema hayo ni ya zamani, mwizi akibanwa ndipo anapokuwa babu. Mwingine kaleta nondo ya kung'olea komeo.

Nimetoa daftari nimeanza kuandika mbele yao na kila mstari namwangalia mmoja usoni. Wanadhani naandika majina. Wacha wadhani. Yule wa nondo amerudi hatua nyuma.

Simu bado inaita, Antipasi hapokei.

Nyuma yangu, upande wa pili wa mbao, kitu kimeshuka taratibu mpaka chini. Amekaa. Nahisi uzito wake kwenye mlango, pale pale uliko mgongo wangu. Amenipa mgongo, kama siku ile ya pilau. Anakohoa. Hasemi.

Hezekia amechuchumaa mbele yangu, kaongea polepole. Aitikie salamu yako tu, shemeji. Neno moja. Tukimsikia ni mzee, tunawasha pikipiki tunaondoka. Asipoitikia, utatupisha.

Wote wamesogea kusikiliza.

Nimegeuza shingo, mdomo nimeuweka kwenye mbao.

"Shikamoo, baba."

Mlango umesogea kidogo. Anavuta pumzi